Lusaka 1974, Alvor 1975 au Lancaster House 1979: Ulinganisho wa Kumsaidia Mwalimu na Mwanafunzi Kuchagua

Mwalimu wa Historia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita jinsi dola ya kikoloni ilivyokabidhi madaraka kwa nchi iliyokuwa ikikaribia uhuru ana mifano mingi ya kuchagua, lakini muda wa kuichambua yote hana. Mwanafunzi akirundikiwa mikataba mitano kwa mkupuo huishia kukariri tarehe na majina ya waliotia saini, na akiulizwa ni kifungu gani kilimpa nani nguvu, hana la kusema. Ni afadhali achague mmoja, ausome kifungu kwa kifungu, kisha aulinganishe na mwingine kwa kiasi kinachotosha kuonyesha tofauti.

Ulinganisho huu unahusu mikataba mitatu: wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974 kati ya Ureno na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kuhusu nchi hiyo, wa Alvor wa tarehe 15 Januari 1975 kati ya Ureno na vyama vitatu vya Angola, yaani MPLA, FNLA na UNITA, na wa Lancaster House wa tarehe 21 Desemba 1979 kuhusu Zimbabwe, uliofikiwa London chini ya usimamizi wa Uingereza. Nimeichagua mitatu hii kwa sababu inawagusa wasomaji wa Dodoma moja kwa moja. Kongwa, ambako Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuutelekeza mwaka 1951, iligeuka kuwa kambi ya wapigania uhuru kuanzia mwaka 1964. FRELIMO ilitangulia, na baadaye MPLA, ZAPU ya Zimbabwe, SWAPO ya Namibia na ANC ya Afrika Kusini nazo zikawa na wapiganaji wao hapo. Samora Machel, aliyetia saini mkataba wa Lusaka kwa niaba ya FRELIMO, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kambi hiyo katika siku zake za mwanzo, baada ya kurejea kutoka mafunzoni Algeria. Shule iliyoko Dodoma mjini inaweza kuwapeleka wanafunzi wake Kongwa kupitia Mbande na kuwarudisha siku hiyohiyo, wakaona majengo ya kambi na makaburi ya wapiganaji waliofia ugenini.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja, nacho ni kipindi kati ya saini na bendera. Hotuba za siku ya kutia saini hufanana, na sherehe za uhuru nazo hufanana. Tofauti hujitokeza katika miezi iliyo katikati, pale mtu anapouliza ni nani aliyeshika bunduki, ni nani aliyeshika hazina na ardhi, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumzuia mwenzake asivunje neno lake.

Kwa nini Tanganyika haimo

Wapo watakaouliza kwa nini tusianze na nyumbani. Mkutano wa katiba ulifanyika katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, tarehe 27 hadi 29 Machi 1961, chini ya Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod. Madaraka ya ndani yakaanza tarehe 1 Mei, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba. Hakukuwa na jeshi la ukombozi la kuunganishwa na jeshi la mkoloni, walowezi walikuwa wachache, na nchi yenyewe ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1946. Kwa hiyo mambo yaliyofanya mikataba mingine iwe migumu hapa kwetu hayakuwepo, na mwanafunzi hawezi kuyaona.

Jambo la Tanganyika linalostahili kufundishwa kwa uzito wake ni jingine. Tarehe 30 Novemba 1961 Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliliambia Bunge kwamba mikataba ya nchi mbili iliyofungwa na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika ingeendelea kutumika kwa miaka miwili tu baada ya uhuru, na kwamba ambao usingekuwa umefanyiwa upya kwa makubaliano ungehesabiwa kuwa umekoma, isipokuwa ule ambao sheria ya kimataifa ingeudumisha. Kwa msimamo huohuo, tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya mwaka 1929 kuhusu maji ya mto Nile hayaifungi. Mkazi wa Dodoma anayetegemea visima vya Mzakwe na kusikia mipango ya kuyafikisha maji ya Ziwa Victoria, chanzo cha mto huo, katika makao makuu ya nchi ana kila sababu ya kulijali tamko hilo. Hata hivyo, hilo ni somo la mikataba inayorithiwa. Somo la mikataba inayofungwa mezani kati ya mtawala na mtawaliwa linahitaji mifano mingine.

Lusaka: mkataba mfupi wa mshindi mmoja

Mapinduzi ya maofisa wa jeshi mjini Lisbon tarehe 25 Aprili 1974 yaliiondoa serikali iliyokataa katakata kuzungumzia uhuru wa makoloni, lakini hayakuleta makubaliano papo hapo. Wareno walipokutana na FRELIMO Lusaka mwezi Juni walitaka mapigano yasitishwe kwanza, kisha wananchi waulizwe kwa kura kama wanataka uhuru. FRELIMO ilikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba uhuru ni haki, na haki haipigiwi kura. Kwa hiyo Ureno ikubali kwanza uhuru, ikubali kukabidhi madaraka kwa FRELIMO, na baada ya hapo silaha zinyamaze. Vita viliendelea wakati mazungumzo yakiendelea, na mwezi Julai FRELIMO ilifungua upya uwanja wa mapambano katika mkoa wa Zambezia. Tarehe 27 Julai Ureno ilipitisha sheria iliyotambua haki ya makoloni yake kujitawala, Agosti wajumbe wakakutana Dar es Salaam, na tarehe 7 Septemba saini zikatiwa Lusaka.

Hapa ndipo ninapomshauri mwalimu aufungue mkataba wenyewe na kuwaonyesha wanafunzi mgawanyo wa madaraka. Uhuru uliwekewa tarehe kamili, 25 Juni 1975, ambayo ni siku ya kuzaliwa kwa FRELIMO iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kwa miezi tisa iliyobaki kungekuwa na Kamishna Mkuu anayeteuliwa na Rais wa Ureno, na Serikali ya Mpito ambayo Waziri Mkuu wake angeteuliwa na FRELIMO. Wizara zilikuwa tisa. FRELIMO ingeteua theluthi mbili ya mawaziri, na Kamishna Mkuu theluthi moja. Joaquim Chissano alishika uwaziri mkuu wakati serikali hiyo ilipoanza kazi tarehe 20 Septemba, siku zisizofika kumi na tano baada ya saini. Kulikuwa pia na tume ya pamoja ya kijeshi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande kwa ajili ya kusimamia usitishaji mapigano, ulioanza saa sita usiku wa kuamkia tarehe 8 Septemba.

Mwanafunzi akipewa mambo hayo na kuulizwa ni nani aliyetawala Msumbiji kati ya Septemba 1974 na Juni 1975, atagundua mwenyewe kwamba jina la utawala lilikuwa la Ureno ilhali kazi za serikali zilikuwa mikononi mwa FRELIMO. Huo ndio uzuri wa mkataba huu kwa kufundishia: hesabu yake iko wazi, na pande zilizotia saini ni mbili tu.

Jaribio la kwanza lilikuja siku ileile. Kundi la walowezi waliopinga makubaliano liliteka kituo cha redio mjini Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, na kwa siku kadhaa likatangaza uasi wake huku watu wakiuawa katika vitongoji vya Waafrika. Uasi ulizimika kwa sababu jeshi la Ureno halikujiunga nao. Mfano huu ni wa kukaziwa sana, kwa kuwa unaonyesha kwamba mkataba ulisimama pale wenye bunduki wa pande zote mbili walipoamua kuuheshimu.

Udhaifu wake nao usifichwe. Hapakuwa na uchaguzi, wala makundi mengine ya kisiasa hayakupewa nafasi, na mwanafunzi mwerevu atauliza ni nani aliyewauliza Wasumbiji. Ni swali la haki, na mwalimu asilikwepe kwa sababu tu FRELIMO walikuwa wageni wetu. Katika uchumi pia mkataba ulisema machache. FRELIMO ilikubali kubeba madeni ambayo Ureno iliyachukua kwa jina la Msumbiji, mradi yawe yalichukuliwa kwa manufaa ya kweli ya nchi hiyo. Ni maneno mazuri, lakini hayakusema ni nani angeamua manufaa hayo. Bwawa la Cahora Bassa lilikuwa mfano mkubwa: tarehe 23 Juni 1975, siku mbili kabla ya uhuru, iliundwa kampuni ya kulimiliki ambayo Ureno ilikuwa na asilimia 82 ya hisa, na Msumbiji haikupata hisa nyingi hadi mwaka 2007, ilipofikisha asilimia 85. Mwalimu akiwa na kipindi kimoja cha ziada, akitumie kwa bwawa hilo.

Alvor: saini nne, majeshi manne

Miezi minne baadaye Ureno ileile ilijaribu kufanya Angola kile ilichokifanya Msumbiji, ikakuta hali nyingine kabisa. Angola ilikuwa na vyama vitatu vyenye silaha ambavyo havikuwahi kupigana kama jeshi moja. Viongozi wao, Agostinho Neto wa MPLA, Holden Roberto wa FNLA na Jonas Savimbi wa UNITA, walikutana kwanza Mombasa mwanzoni mwa Januari 1975 chini ya Mzee Jomo Kenyatta ili waende Ureno wakiwa na kauli moja. Mkataba ukatiwa saini Alvor, kusini mwa Ureno, tarehe 15 Januari.

Kwenye karatasi, Alvor ni mkataba wenye uangalifu kuliko wa Lusaka. Unataja tarehe ya uhuru, 11 Novemba 1975. Unaunda Serikali ya Mpito ya kuanza tarehe 31 Januari, ikiongozwa na baraza la watu watatu, mmoja kutoka kila chama, na wizara kumi na mbili zilizogawanywa sawasawa: tatu kwa kila chama na tatu kwa Ureno. Unataka uchaguzi wa bunge la katiba ndani ya miezi tisa. Unataka jeshi la pamoja ambamo kila chama kitatoa askari 8,000 na Ureno 24,000. Unasema hata Cabinda, jimbo lenye mafuta lililotengwa na Angola kwa kipande cha ardhi ya Kongo, ni sehemu isiyotenganishwa na Angola.

Uangalifu huo wote haukufua dafu, kwa sababu kila kifungu kilitegemea jeshi la pamoja ambalo halikuundwa kamwe kwa namna ilivyoandikwa. Mapigano yalianza Luanda katika miezi ya mwanzo ya mwaka huohuo. Viongozi wakakutana tena Nakuru mwezi Juni na kuahidiana upya. Mwezi Julai MPLA ikawafukuza FNLA kutoka mji mkuu. Na mwezi Agosti Ureno ikausimamisha mkataba. Afrika Kusini na Zaire ziliingiza majeshi upande mmoja, Cuba upande mwingine. Tarehe 10 Novemba Kamishna Mkuu wa Ureno alitangaza kwamba anaukabidhi uhuru kwa watu wa Angola, bila kumtaja wa kuupokea, akapanda meli na kuondoka. Kesho yake Neto alitangaza jamhuri Luanda, na wapinzani wake wakatangaza ya kwao Huambo. Vita vilikoma mwaka 2002, baada ya Savimbi kuuawa mwezi Februari.

Kwa maoni yangu, Alvor usichaguliwe kama mkataba wa kusomwa peke yake. Mwanafunzi anayeanza nao hukata tamaa na mikataba yote, akaandika kwamba karatasi hazina maana, jambo ambalo Lusaka unalikanusha. Nguvu yake huonekana ukiwekwa kando ya Lusaka: dola ileile ya kikoloni, mwaka uleule wa mabadiliko, aina ileile ya Kamishna Mkuu na Serikali ya Mpito, lakini idadi tofauti ya waliobeba silaha.

Lancaster House: mkataba uliosema ardhi

Huu ndio mkataba mgumu kuliko yote matatu, na ndio wenye mengi ya kufundisha. Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ilikuwa koloni la Uingereza ambalo walowezi wake walijitangazia uhuru mwaka 1965, kwa hiyo meza ya London ilikuwa na pande tatu: Uingereza ikiongozwa na Waziri wake wa Mambo ya Nje, Lord Carrington, ujumbe wa Askofu Abel Muzorewa, waziri mkuu wa nchi hiyo wakati huo, ambamo Ian Smith, aliyewaongoza walowezi kujitangazia uhuru, naye alikuwemo, na Patriotic Front, yaani muungano wa ZANU ya Robert Mugabe na ZAPU ya Joshua Nkomo. Mkutano ulifunguliwa tarehe 10 Septemba 1979, baada ya viongozi wa Jumuiya ya Madola kuelewana Lusaka mwezi Agosti, na uliendelea zaidi ya miezi mitatu. Carrington alitaka katiba ikubaliwe kwanza, kisha utaratibu wa mpito, kisha usitishaji mapigano, na hakuruhusu jambo la pili liguswe kabla ya la kwanza kwisha.

Mwalimu Nyerere, akiwa mwenyekiti wa nchi zilizo mstari wa mbele, alikuwa sehemu ya shinikizo lililouwezesha mkutano kufanyika. Samora Machel, ambaye nchi yake ilikuwa ikishambuliwa na majeshi ya Rhodesia kwa kuwahifadhi wapiganaji wa ZANU, alimsisitizia Mugabe kwamba sasa ni wakati wa kukubaliana. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeanza na Lusaka anakutana tena na FRELIMO hapa, safari hii ikiwa ni serikali yenye mipaka ya kulinda na wananchi wa kulisha.

Kipindi cha mpito kilipangwa kwa namna isiyofanana hata kidogo na Lusaka. Badala ya chama cha ukombozi kuingia serikalini mara moja, gavana wa Kiingereza, Lord Soames, alikwenda Salisbury, yaani Harare ya leo, mwezi Desemba na kushika madaraka yote ya utawala na sheria. Usitishaji mapigano ulianza tarehe 28 Desemba. Wapiganaji zaidi ya 20,000 wakakusanyika katika vituo maalumu, wakiangaliwa na kikosi kidogo cha Jumuiya ya Madola, huku jeshi la Rhodesia likitakiwa kubaki kambini mwake. Uchaguzi ulifanyika Februari 1980. Kati ya viti 80 vya Waafrika, ZANU ya Mugabe ilipata 57, ZAPU ya Nkomo 20 na chama cha Muzorewa 3. Uhuru ukaja tarehe 18 Aprili 1980. Kwa kipimo cha kura, Lancaster House ulifanikiwa kufanya kile ambacho Lusaka haukukusudia na Alvor haukuweza.

Gharama ya mafanikio hayo imo ndani ya katiba. Viti 20 kati ya 100 vya Bunge vilitengwa kwa wazungu kwa miaka saba. Kuhusu ardhi, serikali mpya ingeweza kumnyang'anya mtu shamba kwa ajili ya makazi ya wakulima ikiwa tu halitumiki ipasavyo, na kwa kulipa fidia ya haraka na ya kutosha, ambayo mwenye shamba angeruhusiwa kuihamishia nje ya nchi. Shamba linalotumika lingepatikana kwa mwenyewe kukubali kuliuza. Ulinzi huo haukuweza kubadilishwa kwa miaka kumi bila wabunge wote 100 kuafikiana, hata mmoja asipinge. Wakati huo wakulima wa kizungu karibu 6,000 walimiliki takribani hekta milioni 15.

Mwanafunzi wa Tanzania hushindwa kuuona uzito wa kifungu hiki mpaka aelezwe tofauti ya kwetu. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923, ardhi ya Tanganyika kwa sehemu kubwa ilikuwa ya umma chini ya usimamizi wa Gavana, na ile iliyomilikiwa moja kwa moja na watu binafsi ilikuwa ndogo sana. Serikali huru iliibadilisha kuwa ya ukodishaji mwaka 1963. Mtoto aliyekulia Mpwapwa au Chamwino anajua migogoro ya mipaka kati ya wakulima na wafugaji, lakini hajawahi kuishi mahali ambapo mashamba yenye rutuba na mvua ya uhakika yamezungushiwa uzio na watu wachache kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yao, huku walio wengi wamesukumwa kwenye ardhi chakavu. Akilielewa hilo, ataelewa kwa nini mwezi Oktoba 1979 mkutano ulikaribia kuvunjika juu ya ardhi peke yake, na kwa nini Patriotic Front ilikubali tu baada ya kuhakikishiwa kwamba fedha za kununulia mashamba zingetafutwa. Shridath Ramphal, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola, aliwaendea Wamarekani kutafuta ahadi hiyo.

Hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu. Ulinzi wa wenye mashamba uliandikwa katika katiba, kwa miaka na kwa idadi ya kura. Ahadi ya fedha kwa wasio na mashamba haikuwekewa kiasi wala tarehe ndani ya katiba hiyo. Kimoja kilikuwa na nguvu ya sheria, kingine kilitegemea hiari ya serikali za mbali ambazo zingebadilika kwa uchaguzi wao wenyewe. Uingereza ilitoa takribani pauni milioni 44 kwa miaka iliyofuata; na mwezi Novemba 1997 waziri wake, Clare Short, aliiandikia serikali ya Zimbabwe kwamba Uingereza haikubali kuwa na wajibu maalumu wa kugharimia ununuzi wa ardhi. Muda wa ulinzi ulipokwisha mwaka 1990, Zimbabwe ilirekebisha katiba na kutunga sheria ya utwaaji ardhi mwaka 1992, na mwaka 2000 utwaaji wa mashamba kwa nguvu ukaanza.

Mwalimu awaonye wanafunzi wasiruke kutoka 1979 hadi 2000 kana kwamba hakuna kilichotokea katikati. Serikali ya Zimbabwe ilikuwa na miaka kumi baada ya kifungu kukoma, na maamuzi iliyoyafanya au kuyaahirisha ni yake. Kuubebesha mkataba lawama zote ni kuwanyima Wazimbabwe nafasi katika historia yao wenyewe.

Basi uchague upi

Kwa klabu ya historia inayopanga safari ya Kongwa, au kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaosoma harakati za ukombozi kwa mara ya kwanza, chagueni Lusaka. Ni mfupi, pande zake ni mbili, na uhusiano wake na Tanzania hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Waalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili watauona kuwa rahisi kuuelezea kwa Kiswahili, kwa kuwa istilahi zake ni za kawaida: waziri, kamishna, tume, usitishaji mapigano.

Kwa insha ya kidato cha sita inayouliza kwa nini makabidhiano mengine yalileta amani na mengine vita, chagua Lusaka pamoja na Alvor, wala usiongeze wa tatu. Mtahiniwa anayeshika mikataba hiyo miwili na kuonyesha kwamba dola ya kikoloni ilikuwa moja, lakini hali ya vyama vya ukombozi ikatofautiana, anakuwa na hoja inayosimama. Akiongeza Zimbabwe juu yake, muda wa mtihani utamwishia kabla hajaifikisha hoja yoyote mwisho.

Kwa mdahalo, kwa kazi ya muhula mzima, au kwa mwanafunzi anayekusudia kusoma sheria au siasa ya dunia Chuo Kikuu cha Dodoma au kwingineko, chagua Lancaster House bila kusita. Ukiniambia nichague mmoja tu kati ya mitatu, huo ndio nitakaouchukua, kwa sababu vifungu vyake vina miaka na hesabu ambazo mtu anaweza kuzifuatilia hadi zilipokoma, na kwa sababu unamlazimisha msomaji kupima mambo mawili yanayovutana: kura iliyomaliza vita, na ardhi iliyobaki ilipokuwa. Hoja ya mdahalo iwe nyembamba. Badala ya kuuliza kama Lancaster House ulikuwa mzuri au mbaya, ulizeni kama Patriotic Front ingefanya vyema kuondoka mezani mwezi Oktoba 1979. Upande unaotetea kuondoka utalazimika kuhesabu maisha ambayo yangepotea vitani mwaka 1980, pamoja na hali ya Msumbiji na Zambia zilizokuwa zikishambuliwa. Upande unaotetea kubaki utalazimika kueleza familia iliyoendelea kungojea shamba hadi mwaka 1990 ingeambiwa nini. Wapeni wanafunzi maandishi ya kifungu cha ardhi siku kadhaa kabla, wakisome kwa utulivu, na msemaji yeyote atakayetaja mwaka 2000 atakiwe kwanza kueleza kilichofanyika kati ya 1990 na 2000.